Mechi Iliyokatizwa na Ukungu Timau

Shangazi Ruguru, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hata ugali haushuki. Mimi ni mwalimu hapa Timau na ndiye kocha wa watoto wa besiboli, ule mchezo wa rungu na kimpira uliotuingilia juzi juzi tu, na mwezi jana tulicheza na Kianjai mpaka raundi ya tano, sita kwa sita, msichana wao Gatwiri ameshafika besi ya tatu, amebakisha hatua chache tu afunge, mrushaji wangu naye mkono umekwisha, ndipo ukungu ukashuka kutoka mlimani tukawa hatuoni hata mpira, refa akasimamisha. Sheria ya ligi, ambayo hata mimi niliitia sahihi, inasema mechi ikikatizwa huendelea pale pale ilipoachwa na wachezaji wale wale, lakini mrushaji wangu hodari, Bundi, aliyekuwa na malaria, sasa amepona, nikaona tukianza upya tutawalamba, basi nikachukua daftari la alama, na liko moja tu, nikaliloweka kwenye karai, nikaiambia kamati limenyeshewa, alama zimefutika, hivyo tuanze upya. Shida ni binti yangu Wanjugu, ndiye huandika alama. Aliniuliza, "Baba, limenyeshewaje na lilikuwa kabatini?" Tangu hapo akinipa chai haniangalii, na kamati imemwita Jumamosi aseme anachokumbuka. Nimwambie nini ili asiniaibishe?

Mwalimu Salesio, Timau

Asiniaibishe! Mwalimu mzima unaloweka daftari kama soksi, halafu unamwogopa mtoto? Aibu umejipikia mwenyewe, Salesio, na sasa unatafuta wa kukusaidia kuila.

Najua kushindwa mbele ya watoto wako kunauma. Pole. Lakini mimi besiboli siijui, rungu lenyewe sijawahi kulishika, ila nimelima. Mvua ikinifukuza shambani nikiwa nimemaliza mstari wa tano, kesho naanza wa sita. Sing'oi mahindi nipande upya eti kwa sababu leo nina jembe kali. Hilo hata kuku wangu wanalijua, na hawakutia sahihi popote.

Bundi amepona, Mungu asifiwe, akae kando apige makofi. Gatwiri alifika besi ya tatu kwa miguu yake mwenyewe, na wewe na karai lako mnataka kumrudisha mwanzo. Mtoto wa watu alikukosea nini?

Na Wanjugu je? Akisema ukweli, amemshtaki babake. Akinyamaza, amekuwa mwongo kama wewe. Huo ndio mzigo unaotaka kumtwika, kwa ajili ya mpira! Ebo!

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kabatini. Leo, kabla hamjala, mwambie Wanjugu ulichofanya, bila "lakini". Jumamosi simama mbele ya kamati kabla hajaitwa, useme ni wewe. Gatwiri arudi besi ya tatu, sita kwa sita, mrushaji wako yule yule. Akifunga, amefunga.

Na daftari jipya likinunuliwa, alitunze Wanjugu. Wewe usiliguse.