Jina Yako Nilichonga Kinyume

Mama Spès,

Habari ya kule sijue, naanza na ya huku. Tulikuzika Butembo, haiko kwenu Gitega vile ulitakaka. Barabara ya kusini vita ilikuwa imeifunga. Dada yako Béatrice alilia mu simu kule Burundi mupaka unité zikaisha. Donc ulilala mu udongo ya Banande, batu ba huku, na mwenye alikulilia kama mutoto wako ni mimi tu, Kavira, mwenye ulifundisha kazi ya kuchapa vitambaa.

Bakubwa ba shirika ya kanisa baliniomba nichonge musalaba, juu mukono yangu inajua muti. Nilichonga nikilia. Siku ya kuusimamisha, mama mumoja wa kwaya akauliza hii ni luga gani. Hapo ndiyo niliona. Herufi zote za jina yako zinaangalia nyuma, vile tunachongaka planche, ule ubao ya kuchapia, ili kitambaa ikilala juu, maneno itoke sawa. Bengine balicheka. Bengine balisema ni uchawi ya bageni. Miaka yote ile ya kuimba na kuzika pamoja nabo, na bado ulikuwa mugeni. Ile iliniuma kuliko haya yangu.

Hapana kukasirika, ni wewe ulinizoeza. "Geuza kichwa yako, haiko ubao," ulisemaka, unanigusa mu paji na kidole ya wino. Nilirudiaka nyumbani na alama nyeusi, mama yangu ananiuliza kama Kwarezima imeshafika.

Unakumbuka Beni, kule Ruwenzori, siku tulipeleka kazi yetu batu baione? Ulikuwa umeshona vipande ya vikwembe ya zamani juu ya gunia ya kahawa, na juu yake ukachapa milima. Batu bakafurahi, eti ni milima yetu hii. Mu gari ndiyo ukaniambia, "Ilikuwa vilima ya kwetu. Mais wacha babebe, ikuwe yabo."

Sasa atelier, nyumba yetu ya kazi, iko kimya sana. Kulalisha kitambaa bila mikunjo inaomba mikono ine, na mimi niko na mbili. Naongea peke yangu, kisha naona haya.

Bakubwa balisema musalaba ule uchomwe. Béatrice naye alikuwa ananiomba kitu yoyote yenye jina yako, juu kule kwenu banalia bila kaburi. Niliomba banipe musalaba siku moja tu. Nikaupaka wino, nikalalisha kikwembe yako ya manjano, nikasugua na mugongo ya kijiko. Ilipinda kidogo upande wa kushoto, hakukuwa mutu wa kunishikia. Nikafunua. Jina yako ilitoka yote, inasomeka hata na mutoto. Nilikaa chini mu vumbi, nikalia tena.

Musalaba balishauchoma. Ile kikwembe bado iko na harufu yako, na sina kitu ingine ulivaaka. Nilitaka kuificha, mama. Nilitaka sana, nikaanza hata kutafuta uongo ya kumwambia Béatrice. Mais magari yameanza tena kushuka Kirumba, ile barabara ya kusini, na dereva mumoja wa kwetu atafika nayo Goma, toka pale bengine bataipeleka Burundi. Anapita kesho asubui. Nimeikunja.

Nitakuchongea musalaba mupya, wenye kusomeka, hata kichwa yangu ikikataa. Na atelier sitaifunga, nakuahidi.

Lala muzuri, mama. Mbele ya kuikunja niliivaa kwanza, jina yako mu mugongo yangu, nikatembea humu ndani mupaka mushumaa ukaisha. Hakuna mutu aliniona.

Kavira