Mume Wako Amekula

Mama, pokea salamu zetu kutoka wadi ya watoto, hapa Kitui.

Nimeandika kadi kwa sababu najua simu ya hospitali huishiki tangu ile iliyoleta habari ya kifo cha baba. Usijali huyu kifaru wa mbele ya kadi, dukani walikuwa na picha hiyo peke yake.

Mutua bado amelala chali, mguu umefungwa kamba yenye uzito ili mfupa uunge ukiwa umenyooka. Chakula alikuwa amekataa kabisa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Jana Mama Zuhura, ambaye binti yake amelazwa kitanda cha pili, akamuuliza, "Kwani nyumbani nani hukupakulia?"

"Mke wangu."

Mama Zuhura akacheka sana, nikamweleza kwamba mtoto ana jina la babu yake, na wewe humwita mume, tena humpakulia kabla ya mtu yeyote.

Basi leo sahani zilipofika, Mama Zuhura alichukua ya Mutua kwanza, akainama, akampa kwa mikono miwili. "Karibu mzee." Mama! Mutua alimtuma sista chumvi, akamaliza muthokoi wote, mahindi na maharagwe!

Baadaye akauliza kwa nini hujaja. Nikamwambia ukweli, kwamba unaogopa kwa sababu babu aliingia hospitali na hakutoka. Akauangalia mguu wake. Kisha akasema, "Mwambie mke wangu safari hii nitarudi."

Nasikia na wewe hapo Kalamba huli. Kula, mama. Mwenye boma amesema.

Mama Mutua