Swali la Mwalimu Furaha

Jumanne, Kibaha

Basi leo nimejifunza kwamba sheria inakataza kupiga hospitali vitani. Mwezeshaji wa semina yetu ya walimu alisema hivyo kwa upole, kana kwamba wenye mabomu walikuwa wamekaa mbele yake.

Mwenzangu Furaha, aliyekimbia vita Kongo akaja kuolewa Kisarawe, alinyoosha mkono.

"Dada yangu aliuawa wodini, siku mbili baada ya kujifungua. Aliyerusha lile bomu ameshtakiwa wapi?"

"Swali zuri sana, mwalimu. Tutalijibu baada ya chai."

Baada ya chai tuligawiwa vyeti, tukapiga picha. Mpiga picha akamwomba Furaha atabasamu kidogo.

Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye. Nami nikatabasamu.