Mayai Yaliyoelea

Mwadila, mayu, mama yangu. Goti limepoa, au bado unalikanda kila jioni? Huku Ulaya tu wazima, mimi na mkweo Masunga, ila mwanao nimekuwa mtu wa kinyaa. Sabuni inanuka. Mkate unanuka. Jana nilimfukuza Masunga akaoge, naye ndiyo kwanza katoka kuoga!

Kazi yetu maabara ni mayai ya kuku. Tunatoa ute kidogo, tunakata kidirisha kwenye ganda, tunakiziba kwa utepe angavu, tunatazama mishipa ya fahamu ya pua ya kifaranga ikiota kuelekea kwenye ubongo. Haina macho, mayu. Kuna kemikali zinazoivuta na nyingine zinazoifukuza, nayo inafuata hizo mpaka ifike. Tukiweka kemikali pasipo pake, inapotea njia.

Juma lililopita nilifungua kabati la kutotoleshea nikapigwa na uvundo wa mayai viza, nikatapika kwenye sinki. Nikafanya kama ufanyavyo wewe hapo Sapiwi kabla ya kumwekea kuku mayai ayaatamie: nikayatia majini, maana viza huelea. Yote yakaelea. Nikayatupa. Nilisahau kabisa kwamba tumeyapunguza ute, lazima yaelee.

Profesa wetu, mama mmoja mtaratibu, aliokota moja pipani akalifungua. Kimoyo kilikuwa bado kinadunda, kidogo kama punje ya ulezi.

"Hayanuki," akasema. "Kuna mwingine anayesikia harufu?"

Hakuna. Nilijichukia, mayu. Mpaka leo nikiona yai nageuza uso.

Hakunifukuza kazi. Alinitazama tu, akaniambia nikapime. Nina mimba ya miezi miwili.

Sikupigi simu kwa hili, maana wewe huweka sauti kubwa ukoo mzima usikie. Nisalimie baba, na senge Minza, dada yake, na kaka yangu wa Bariadi mjini. Waambie nina mafua.

Wewe peke yako ndiye nakwambia ninachoogopa. Ile ya kwanza iliyoharibika, niliamka asubuhi moja kichefuchefu kimekwisha. Nikafurahi, nikala samaki mzima. Kumbe mtoto alikuwa ameshaondoka.

Sasa kila nikiamka, kabla hata ya kusali, nanusa kitambaa cha kuoshea vyombo. Leo nimetapika. Mungu ashukuriwe, mayu, nimetapika.

Binti yako,
Kabula