Majani ya Mitiki Yetu

Bunju, Jumanne, baada ya magharibi

Kosa la wengi ni kudhani kuwa miti ikizeeka, udongo wake unabaki vilevile. Bakteria nao hubadilika. Mitiki yetu ilipokuwa michanga, walitawala wale wa haraka, wanaokula vitu laini. Ilipokomaa, wakaongezeka wa polepole, wanaoweza kuvunja majani magumu yakawa chakula cha mizizi. Imechukua miaka kuwapata hao.

Na wifi yangu Zuhura anafagia majani yote kila asubuhi na kuyachoma.

Leo nimemweleza tena, nimelala hapa na mguu wangu uliovunjika.

"Wifi, na wewe na wadudu wako! Watu waje kukuona wakute uwanja kama jalala? Watasema kaka yangu kafa, nami nimekutupa."

"Si wadudu, Zuhura. Ni bakteria."

"Haya, hao bakteria ndio watakaofagia?"

Nikacheka. Nifanye nini? Ndiye anayenipikia, ndiye anayeniogesha. Nikimgombeza, akarudi kwake Chang'ombe...

Mitiki hii aliipanda marehemu mume wangu, mie nikimshikia miche. Nimefundisha elimu ya udongo maisha yangu yote, na siku hizi mchana dirishani naona udongo mtupu na vilele vilivyoanza kukauka. Labda ni ukame. Naogopa kuwa si ukame.

Zuhura yuko jikoni. Kiberiti chake cha kuchomea majani amekisahau hapa kitandani, karibu na mkono wangu.

Nakificha chini ya mto leo hii.