Salamu Hairushiwi Dadu

Winnipeg, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Yuliana,

Shikamoo dada. Najua hapo umeitikia kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, maana ndivyo ulivyo. Habari za hapo kijijini Daudi, habari za watoto, za shemeji, za shamba? Mvua imeshika au imewadanganya tena? Nasikia siku hizi mambo ya mkoa mnafuata Babati, si Arusha tena. Mimi kwenye karatasi zangu zote huku bado ni mtu wa mkoa wa Arusha, na sithubutu kubadilisha, wataniuliza nilihama lini.

Mwili ni mzima. Kiwanda cha mikate bado kinanihitaji, ingawa unga umeniingia mpaka kwenye ndoto. Kuhusu kurudi sina jipya. Mwanasheria anasema nikitoka sasa nisitegemee kuingia tena, na nikibaki nisitegemee jibu la haraka. Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba nakuja Krismasi. Siji.

Nakuandikia hasa kwa sababu ya Bayo. Uliponiambia umemuuliza Baba habari zake kama nilivyokuomba, naye akakutazama na kukuuliza, "Bayo ni mtoto wa nani?", mimi nilicheka kwenye simu. Nisamehe. Sikuwa na kingine cha kufanya. Bayo ni mtoto wa Baba mwenyewe. Alimtunga kutoka kichwani mwake, siku za mvua, tukiwa tumekaa tunapukuchua mahindi. Mama alishatangulia, na wewe ulikuwa unasinzia juu ya magunzi. Unachokumbuka ni kwamba Bayo aliogopa mbwa. Sasa Baba anasahau hata majina yetu, na daktari amesema yaliyokwenda hayarudi. Bayo amebaki kwangu tu, tena hajakamilika.

Hadithi ya mwisho hatukuimaliza. Bayo ameteremka tambarare kumtafuta ng'ombe wa mama yake aliyeibwa, amefika mlima Hanang, kuna pango, na ndani yuko aliyemchukua ng'ombe. Bayo anasimama nje, anaegemea fimbo yake, anasalimia. Haitikiwi. Hapo mvua ikakatika, Baba akatutuma tukawafungulie ng'ombe. Baadaye nikaenda shule ya bweni, na kijana wa shule ya bweni haombi kusimuliwa hadithi. Hiyo ndiyo sababu nilikusumbua umuulize. Nilitaka mwisho wake kabla Baba hajaondoka nao.

Sasa sikiliza. Kiwandani kuna fundi wa mashine anaitwa Darko, mtu mkubwa mwenye ndevu, alikuja huku kutoka nchi iliyovunjwa na vita. Jumamosi mchana hukusanya watu jikoni kwake kwa mchezo ambao nikikueleza utasema watu wazima wa huku hawana mashamba. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu kiasi gani, wepesi kiasi gani, akili kiasi gani, yote kwa namba. Darko anasimulia, "Mmefika mtoni, daraja limekatika," nawe unasema mtu wako anafanya nini, kisha unarusha dadu lenye pande ishirini. Dadu pamoja na namba yako ndivyo vinavyoamua kama ameweza. Lakini anachokipenda Darko kuliko vyote ni kuchukua mashujaa wa hadithi, wa vitabuni, wa sinema, wa bibi yake, na kuwageuza kuwa namba. Ana faili zima limejaa. Siku moja akaniuliza shujaa wa kwetu ni nani.

Nikasema Bayo. Niliona akishaandikwa hivyo, hata mimi nikisahau, atakuwepo mahali. Na sikufichi, nilitumaini kwamba siku moja mchezo utatufikisha pangoni, nami nitaona kilichotokea.

"Nguvu?" Darko akauliza.

"Za kawaida."

"Kawaida ni kumi."

"Basi weka tisa. Alikuwa mwembamba."

"Silaha?"

"Fimbo."

"Uchawi?"

"Hana. Baba yangu alikuwa katekista."

Akaweka kalamu chini. "Sasa huyu mtu anashindaje?"

"Anasalimia."

Walicheka, yeye na mkewe na jirani yao, lakini si kwa ubaya. Nikawaeleza kwamba Bayo haingii kwa mtu wala kwa mnyama bila kusimama nje na kusalimia kama inavyopasa. Anayeitikia, hata akiitikia kwa kununa kama yule chui wa kule Tumati katika hadithi mojawapo, hawezi tena kukudhuru siku hiyo, maana mmeshaulizana habari za watoto. Asiyeitikia, Baba alisema, huyo si mtu, ni wa kupigwa fimbo. Lakini katika hadithi zote nilizosikia waliitikia.

Darko alifikiri sana. Akafunua kitabu chake, akaiweka salamu chini ya ushawishi, akampa Bayo namba ya juu kabisa. Nikamwambia huo si ushawishi. Bayo habembelezi mtu, anampa haki yake. Akasema sawa, ila kwenye mchezo huu kila kitu kinarushiwa dadu. Nikamwambia kwetu salamu hairushiwi dadu.

"Fabiano," akasema, "huku inarushiwa."

Jumamosi ya wiki iliyopita tulifika mlimani. Darko alikuwa amekwisha kuniuliza kila kitu, ukungu, pango, hata rangi ya ng'ombe, akaupanga mlima vizuri. Wenzangu wakasema tushambulie, aliye ndani ametupa mgongo. Mimi nikasema Bayo anasimama nje, anaegemea fimbo, anasalimia. Nikarusha. Ikatoka moja, na moja kwenye mchezo ule haiokolewi na namba yoyote.

"Haitiki," akasema Darko.

Nikasema Bayo anasalimia tena. Jirani akanishika mkono, "Bwana wee, kimbia!" Kukimbia kuliruhusiwa. Kumpiga pia kuliruhusiwa. Lakini katika hadithi zote Bayo hakuwahi kukimbia wala kupiga, nami nilishindwa kumpa tabia ambayo Baba hakumpa. Kile kitu kikatoka. Darko akarusha dadu lake, akalifunika kwa kiganja, akanitazama, nikaona anataka kunidanganya. Nikamwambia asome tu.

Bayo alikufa mlangoni mwa mtu, hajakaribishwa. Darko akasema zipo kanuni za kumfufua. Nikamuuliza, kwa ruhusa ya nani? Nikaiacha karatasi mezani kwake nikaenda zangu. Huo ndio mwisho wa Bayo sasa, dada, na hakuna aliyebaki wa kusema siyo hivyo.

Kesho yake ndipo nilipopiga, ukampandisha Baba pale juu kanisani penye mtandao, ukamwekea simu sikioni. Nikasema, "Shikamoo Baba." Nikasikia upepo, na mtoto anaita mbuzi. Tangu nimezaliwa sijawahi kumwamkia Baba nikakosa marahaba. Hata siku ile nilipolaza ndama nje, aliitikia kwanza ndipo akanichapa. Nikasema tena shikamoo. Nikasema mara nyingine. Ukachukua simu ukaniambia, "Upepo mwingi, hajakusikia."

Asante, lakini alisikia. Naijua pumzi ya Baba anaposikiliza. Alisikia, na hakukuwa na kitu ndani cha kujibu. Nimelia, dada, mtu mzima, mbele ya tanuri, na wenzangu wakadhani ni joto. Yule asiyeitikia, najua hadithi inasema afanyiwe nini, lakini huyu ni Baba. Labda hata yeye hakujua imalizike vipi. Mimi sijui.

Nisalimie shemeji, mwambie lile jembe la kukokotwa asilikodishe bila kukuuliza. Shangazi wa Tumati mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Mjomba wa kule Nangwa mwambie ng'ombe wa mahari alioniahidi bado nawafikiria, ingawa mchumba simwoni. Watoto wabusu, na yule mkubwa asome.

Baba usimpe salamu yangu. Ukimpa, nitataka kujua kama ameitikia, nawe utalazimika kunidanganya.

Mdogo wako,
Fabiano