Mimba Uliyoiona Shingoni

Hanifa, nimetoka ultrasaundi sasa hivi. Hakuna mtoto.

Ile mimba uliyoiona kwa kuniangalia shingo, ukaitangaza Kihesa nzima, ni uvimbe kwenye kizazi. Fibroidi.

Daktari kasema seli za uvimbe zina vipokezi vingi. Mwili ukituma ishara ya kukua, vipokezi vinaidaka, uvimbe unanenepa. Vinaidaka, Hanifa. Kama wewe na umbea.

Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo miezi yote hii nimeuimbia uvimbe?" Daktari akageukia dirishani.

Nikacheka, halafu nikalia hapo hapo kitandani.

Watautoa uvimbe peke yake, kizazi kinabaki. Nimemuuliza mara tatu. Kinabaki.

Sasa wewe mtaalamu wa shingo, hiyo kofia ya mtoto uliyoanza kufuma, usiifumue.